Namba mbili zisizolingana

Mwaka wa tatu huu kompyuta yangu ya kazi ina mfumo endeshi wa Arch Linux peke yake. Sina mfumo mwingine wa kukimbilia mambo yakiharibika, na nilitaka iwe hivyo.

Arch haikupi nyumba iliyojengwa tayari. Flashi ya kusakinishia inakufikisha kwenye skrini nyeusi yenye mstari wa kuandikia amri, basi. Madirisha unaweka mwenyewe, sauti unaweka mwenyewe. Tangu 2021 flashi hiyo ina programu ya archinstall inayokufanyia karibu yote, ila mimi nilifanya kwa mkono, na ningemshauri yeyote mwenye muda afanye vivyo hivyo walau mara moja. Sababu ni asubuhi moja ninayoisimulia hapa.

Niliandika pacman -Syu, amri ya kusasisha programu zote, kama kawaida, nikazima mashine. Kuja kuiwasha, waifai hakuna, sauti hakuna, flashi nikichomeka haisomeki. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi jioni, moyo ukanienda mbio. Nikaandika uname -r, ikanipa namba ya toleo la kerneli (kiini cha mfumo) inayokimbia. Nikafungua /usr/lib/modules, mahali pa moduli (vipande vya kerneli vinavyoendesha vifaa kama waifai na sauti): folda moja tu, yenye namba nyingine. Nikazikodolea macho zile namba mbili mpaka nikaelewa. Siku chache nyuma, nikipanga upya diski, niliufuta mstari wa /boot (patisheni, yaani kipande cha diski, inayokaa kerneli ya kuwashia) kwenye fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupachikwa, sikuurudisha. Kerneli mpya ikaandikwa pasipotakiwa. Mashine ikawaka na ile ya zamani, ambayo moduli zake zilishafutwa.

Dawa yake: kuwasha kwa flashi ya kusakinishia, kupachika patisheni zote mbili, arch-chroot (kuingia kwenye mfumo wa diski kutoka kwenye flashi), pacman -S linux (kusakinisha kerneli upya), kisha kuurudisha ule mstari. Dakika ishirini hazikuisha. Amri zote hizo nilishaziandika siku ya kusakinisha, ndiyo maana mikono ilizijua.

Arch haina matoleo ya kusubiri: unasakinisha mara moja, unasasisha maisha yote. Naipenda sana kwa hilo, ila inataka uangalifu. Siku hizi nasoma kwanza habari za ukurasa wao wa mbele. Nimeweka pia linux-lts, kerneli ya akiba. Na kila kerneli ikisasishwa nawasha mashine upya kabla sijagusa kazi, maana pacman huziondoa moduli za zamani papo hapo, wakati kerneli yenyewe bado inakimbia.