Fabriano: Hilali Tatu Ndani ya Karatasi

Nilikwenda Fabriano kwa sababu ya ukurasa mmoja. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Lamu, alihifadhi kurasa chache zilizosalia za msahafu ulionakiliwa kwa mkono, na jioni moja nilipokuwa mtoto aliunyanyua ukurasa mmoja mbele ya taa ya chemni akaniambia, "Tazama ndani yake, mjukuu wangu, usitazame juu." Nyuma ya hati, ndani ya karatasi yenyewe, niliona hilali tatu zilizopangana kuanzia kubwa hadi ndogo, ambazo mchana hazikuonekana kabisa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba karatasi za alama hiyo zilitengenezwa Italia, hasa katika eneo la Veneto, kwa ajili ya masoko ya nchi za Kiislamu, na kwamba karatasi za Kiitalia zilifika hata kwa wanakili wa mwambao wetu, wakiwamo wale wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Ufundi wa kuficha alama ndani ya karatasi, hata hivyo, Veneto iliupokea kutoka katika mji mdogo wa milimani, na huo ndio mji niliotaka kuuona nilipopata siku tatu za mapumziko katika masomo yangu Roma.

Treni iliondoka kituo cha Termini asubuhi ikapita Orte, Terni, Spoleto na Foligno, mabonde yakizidi kuwa membamba na milima kusogea karibu na dirisha. Baada ya Fossato di Vico tuliingia katika handaki refu chini ya milima ya Apennini, na tulipotoka upande wa pili tulikuwa tumeingia mkoa wa Marche. Fabriano ndicho kituo kinachofuata. Mji uko katika bonde la mto mdogo wa Giano, una wakazi wapatao 30,000, na kutoka kituoni unaweza kuingia mji wa kale kwa miguu.

Uwanja mkuu ndio unaoonyesha umri wa mahali hapa. Upande mmoja limesimama jumba la Podestà, yaani mtawala wa mji wa zama zile, lililojengwa mwaka 1255, lenye tao pana katikati ambalo watu hupita chini yake wakienda sokoni. Mbele yake iko chemchemi ya mawe iitwayo Sturinalto, ya mwaka 1285, yenye ngazi za duara na maji yanayochuruzika toka beseni la juu hadi la chini. Nembo ya mji inamwonyesha mhunzi akipiga chuma kwenye fuawe, juu ya daraja la mto Giano. Masimulizi ya wenyeji yanasema kulikuwa na ngome mbili zilizohasimiana kila moja upande wake wa mto, na mhunzi aliyefanya kazi baina yao ndiye aliyezipatanisha. Nilikaa kitako ngazini nikaitafakari nembo hiyo kwa muda, kwa kuwa nilikuja kutafuta karatasi na kitu cha kwanza nilichopewa ni nyundo.

Maana yake niliielewa katika Makumbusho ya Karatasi na Alama za Maji, yaani zile alama zinazofichwa ndani ya karatasi, yaliyomo ndani ya nyumba ya zamani ya watawa wa Mtakatifu Domeniko. Karatasi ilibuniwa China, ikapita Samarkand na Baghdad, na Waarabu ndio walioifikisha Ulaya. Matambara ya kitani na katani yalipondwa kwa kinu mpaka yakawa rojo. Watu wa Fabriano, ambao mwaka 1264 ndio wanaouhesabu kuwa mwanzo wa karatasi yao, walikuwa tayari mafundi wa chuma na wa sufu, wenye mto wa kuzungusha magurudumu. Wakaitumia nguvu hiyo ya maji kuinua safu ya nyundo nzito za mbao. Nyundo za kwanza zina misumari mikali ya kuchana matambara, zinazofuata zina misumari bapa, na za mwisho hazina msumari wowote, kwa kuwa kazi yao ni kulainisha tu. Fundi alipofungulia maji na nyundo zikaanza kupanda na kushuka kwa zamu, sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyangu.

Jambo la pili walilolifanya, baada ya nyundo, lilikuwa gundi. Karatasi ya Waarabu ilipakwa wanga ili wino usisambae, lakini katika hewa yenye unyevunyevu ya Ulaya wanga huo ulishambuliwa na ukungu. Mafundi wa Fabriano wakachemsha mabaki ya ngozi za wanyama kutoka kwa watengenezaji ngozi wa mjini, wakatumbukiza karatasi katika gundi hiyo, na maandishi yakaweza kudumu karne nyingi.

La tatu ndilo lililonileta. Fundi huchukua uzi wa shaba, akaukunja umbo analotaka, akaushona juu ya chekeche ya kuchotea rojo. Pale uzi unapopita, rojo hukaa jembamba kuliko kwingine, na karatasi ikikauka mwanga hupenya hapo kwa urahisi zaidi. Mwanzoni kila kiwanda kilijitambulisha kwa alama yake. Mwanasheria mkubwa wa karne ya 14, Bartolo, ambaye alizaliwa Sassoferrato karibu na hapa, alizitumia alama za karatasi za Fabriano kama mfano alipoandika kuhusu haki ya mtu kumiliki alama yake.

Katika kabati za kioo nilihesabu ndege, matunda, herufi na misalaba kadhaa. Misalaba hiyo ilinikumbusha fatwa ya mwaka 1409 ya Ibn Marzuq, mwanachuoni wa Tlemcen katika Algeria ya leo, aliyeulizwa iwapo Mwislamu anaweza kuandika juu ya karatasi ya Warumi, yaani Wakristo wa Ulaya, yenye alama kama hizo. Alijibu kuwa inafaa, kwa hoja kwamba kuliandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya alama hiyo ni kuifunika batili kwa haki. Wafanyabiashara wa Kiitalia nao hawakuwa wazembe: karne zilizofuata walitengeneza hilali kwa ajili ya wateja wao wa Mashariki. Hata maneno yamesafiri pamoja na bidhaa. Karatasi yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, na carta yao zinatoka katika neno moja la Kigiriki, na risma yao, ambayo sisi huiita rimu, ni rizma ya Kiarabu.

Mji haujabaki katika enzi hizo. Pietro Miliani alikifufua kiwanda cha karatasi mwaka 1782, na Fabriano imewahi kutengeneza karatasi za noti za benki. Mwaka 1930 Aristide Merloni alianzisha kiwanda cha mizani katika kijiji cha Albacina, ambacho ni sehemu ya Fabriano. Baadaye ukoo wake ukaingia katika mitungi ya gesi, hita za maji na mashine za kufulia. Jina Ariston, ambalo nimeliona kwenye hita za nyumba za Mombasa, lilitokea hapa. Merloni alitaka viwanda viwafuate watu vijijini ili wasilihame shamba, na wafanyakazi wake wakaitwa metalmezzadri, yaani nusu mtu wa chuma na nusu mkulima.

Mzee mmoja niliyeketi naye mkahawani alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba asubuhi alifunga skrubu na jioni alipalilia mizabibu, na kwamba watoto wake wote wanaishi Milano. Indesit, kampuni ya ukoo wa Merloni ya vyombo vya nyumbani, iliuzwa kwa Wamarekani mwaka 2014, na mwaka 2024 ilitangazwa kuwa karatasi za kawaida za ofisi hazitatengenezwa tena hapa. Alipoitaja habari hiyo alikinyanyua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. Niliumia pamoja naye, kwa kuwa mji uliofundisha Ulaya kutengeneza karatasi haustahili kuachiwa makumbusho peke yake.

Siku ya mwisho nilirudi kwenye karakana. Fundi alinipa chekeche, akanionyesha namna ya kuizamisha hodhini kwa mshazari, kuinyanyua ikiwa sawasawa na kuitikisa kidogo maji yachuje. Karatasi yangu ya kwanza ilipasuka, ya pili ikawa nene upande mmoja. Ya tatu tuliilaza juu ya kitambaa cha sufu, tukaikandamiza kwa shinikizo, akaitundika ikauke. Jioni alinikabidhi, na kabla ya kuikunja niliinyanyua mbele ya dirisha kama alivyofanya babu. Ndani yake alikuwamo mhunzi wa Fabriano, nyundo yake ikiwa juu.