Lile kofi la kwenye lifti
Jana umeme ulirudi mapema hapa Busia, nikaangalia na mamangu filamu ya Some Like It Hot ya 1959, ile aliyoiongoza Billy Wilder, haina rangi. Wanamuziki wawili wameona majambazi wakiua watu Chicago, wanakimbia, wanavaa magauni na viatu vya visigino wanajificha kwenye bendi ya wanawake. Tumecheka mpaka mama akaweka kikombe chini. Lakini kuna pale Jack Lemmon, anayeigiza mmoja wa wale wawili, anapanda lifti na gauni lake pamoja na tajiri mmoja, ikirudi Lemmon anamwasha tajiri kofi kwa sababu jamaa amemfinya, na huyo aliyefinywa kumbe ni mwanaume! Mama akanyamaza. Mimi nikakumbuka steji ya teksi asubuhi, mkono wa mtu usiyemjua unakufinya, ukigeuka kila mtu anaangalia pembeni. Na Hollywood wakati ule walikuwa na kanuni zao za maadili, zilibana kwelikweli tangu 1934, hii filamu ikatoka bila kibali chao na watu bado wakajaa kwenye kumbi. Yaani mwaka 1959 wanaume walikaa pale wakamwonea huruma mtu aliyefinywa, sababu tu alikuwa mwenzao. Mama anasema leo turudie pale pa lifti.