Daftari letu la Zambia na Malawi

Julai 2024 mimi na Baba Junior tuliwaacha watoto kwa bibi yao Kibosho, tukabeba mabegi ya mgongoni, tukapanda basi hapa Moshi kwenda kutembea Zambia na Malawi. Siku 21. Tulikuwa na shilingi 2,400,000 tulizodunduliza miaka miwili, na nyuma yake hakukuwa na akiba nyingine. Tangu turudi naulizwa fedha ile ilitutosha vipi. Ilitutosha kwa sababu ya daftari.

Mimi ni mweka hazina wa VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, huku Pasua. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu, na kikao hakifungwi mpaka fedha ya sandukuni ilingane na ya kwenye kitabu. Nilitaka na sisi wawili tusilale mpaka noti zikubaliane na daftari. Baba Junior hakulipenda wazo hilo hata kidogo. "Mama Junior, tunaenda kutembea, hatuendi kikaoni." Nilimwelewa. Ni fundi umeme, fedha yake inaingia na kutoka mfukoni kutwa nzima, na kumwambia mwanamume wa namna hiyo aandike chupa ya maji ni kama kumwambia humwamini. Nikamwomba anipe siku tatu tu.

Daftari lenyewe ni lile dogo la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kalamu niliifunga kwa uzi. Aliyelipa ndiye anayeandika, palepale, kabla hajainuka kwenye kiti: kitu gani, kiasi gani, nani katoa. Anaandika kwa fedha ya nchi tuliyopo, kama ilivyotoka mkononi. Kugeuza kuwa shilingi ni kazi ya usiku. Ukigeuza kichwani huku umesimama stendi unakadiria, na mtu akikadiria hujipunguzia. Tena nilitumia bei tuliyonunulia, siyo ya kwenye simu. Tunduma tulipata kwacha moja kwa shilingi 108, basi hiyo 108 niliibeba mpaka kwacha zile zikaisha. Kwa siku tulijiwekea shilingi 70,000 za chumba, chakula na usafiri wa mjini. Nauli za masafa marefu zilikuwa na ukurasa wake.

Usiku wa kwanza Lusaka ndio ulionifundisha. Asubuhi tulikuwa na kwacha 1,460. Daftari lilisema chumba 350, nshima na kapenta (ugali na dagaa, kwa lugha yetu) sahani mbili 130, daladala 40, maji 20, vocha 50. Jumla 590, kwa hiyo zilitakiwa kubaki 870. Nikafungua pindo la kanga, yeye akatoa za kwenye soksi, tukazipanga kitandani. 770. Tukahesabu tena. 770. Wakati ule noti kubwa kuliko zote Zambia ilikuwa ya 100, kwa hiyo ilikosekana noti moja tu, na ilitosha kutunyamazisha. Yeye alidhani nimenunua kitenge nikaficha. Mimi nilidhani kamgawia mtu njiani, maana ana huruma sana na wazee. Hakuna aliyesema wazi, tulizima taa tu. Siku mbili tulitembea Lusaka tukizungumza habari za basi na hali ya hewa.

Asubuhi ya kuondoka, dada wa mapokezi alichukua ufunguo wetu, akafungua droo, akatukabidhi noti ya 100. Ilikuwa amana ya ufunguo! Niliitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, usiku tulipofika tumechoka. Nilimwomba mume wangu msamaha palepale kaunta, naye akaniomba. Tangu hapo tukaanzisha ukurasa wa "iliyotoka itarudi", wa amana na fedha ya chenji tuliyoambiwa tuifuate baadaye. Na tangu hapo sikumkumbusha tena Baba Junior kuandika. Nikimaliza kuoga nilikuwa namkuta kakaa na daftari gotini, anapanga noti.

Nikuonye jambo moja kama utapita njia hiyo. Zambia na Malawi zote fedha yao inaitwa kwacha, lakini hazifanani kabisa. Zambia walifuta sifuri tatu mwaka 2013, kwa hiyo kwacha yao ni nzito. Ya Malawi ilishushwa thamani Novemba 2023, na sisi tulipoifikia moja ilikuwa karibu na shilingi yetu moja na kitu. Siku ya kuvuka kutoka Chipata kwenda Mchinji niliandika K tu kila mahali. Jioni Lilongwe nikakuta eti tumekula sambusa za K1,500, na kwa bei ya Zambia hiyo ni zaidi ya shilingi 160,000. Ilitubidi tukae tukumbuke kila kitu tulinunua upande gani wa mpaka. Kesho yake nikaanza kuandika Z na M. Nkhata Bay, kwenye ziwa ambalo sisi tunaliita Nyasa na wao Malawi, samaki chambo kwa nsima (ugali wa kwao) ilikuwa rahisi mpaka siku nne mfululizo tulibakiza fedha, na bakaa hiyo ndiyo iliyotuvusha mpaka Kyela.

Tulirudi Moshi na shilingi 214,000.

Kuna ukurasa mmoja sijaujumlisha. Ni wa Livingstone, siku tuliyokwenda kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Jina hilo maana yake ni moshi unaonguruma, na sisi watu wa Moshi tulilifurahia sana. Maji yale yanaanguka zaidi ya mita 100 na mvuke wake unakulowesha kama masika. Mlangoni wanakodisha makoti ya mvua. Ukurasa umevimba, wino wa bluu umetawanyika, bei hazisomeki. Kilichobaki juu kabisa, kwa mwandiko wa Baba Junior, ni "koti la mvua 1, la Mama Junior". La pili halimo, hata mstari wake haupo. Alitembea kando yangu akilowa mpaka tukamaliza njia yote.