Kupungua uzito chuoni: panga kwa kuangalia wiki ambayo bumu limekata

Mipango mingi ya kupungua inayozunguka kwenye magrupu ya wanachuo imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye jiko, friji na mshahara: shayiri asubuhi, kifua cha kuku mchana, saladi na parachichi usiku. Mwanafunzi wa hosteli Dar, Dodoma au Mwanza anaweza kuifuata bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likiwa bado bichi. Pesa ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo inapigiwa hesabu ya Sh10,000 kwa siku lakini inaingia kwa mkupuo, ndiyo maana wiki za mwanzo ni kuku na mishkaki, na wiki za mwisho ni chapati mbili na chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari. Mtu ananenepa kwenye shibe na ananenepa kwenye ukata. Basi mpango uanze na ile wiki mbaya. Ukiwezekana siku ambayo mfukoni mna elfu tatu, utawezekana muhula mzima.

Tena chakula cha kupungulia ni rahisi kuliko kile cha kunenepea. Maharage, dagaa, mayai, tembele na ugali havijawahi kumaliza bumu la mtu. Vinavyolimaliza ni kiepe, soda na kuku wa saa 4 usiku.

Hesabu kabla ya kukata chochote

Angalia kwanza kama unahitaji kupungua. Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Dada wa kilo 70 mwenye mita 1.60 anapata 27.3. Kati ya 18.5 na 24.9 uko salama, kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Wanaotaka kupungua wakiwa na 21 ni wengi mno, hasa wasichana wa mwaka wa kwanza. Hao wanahitaji mazoezi, chakula chao wakiache kilivyo.

Kujua kiasi cha kula: uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume ajumlishe 5, mwanamke atoe 161. Jibu ni kalori (zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti) ambazo mwili unachoma ukiwa umelala tu. Zidisha kwa 1.4 upate matumizi ya mtu anayeshinda darasani na maktaba. Yule dada wa kilo 70, miaka 21, anapata 1,434, na akizidisha inafika kama 2,000. Akila 1,600 anabaki na upungufu wa 400 kwa siku, yaani 2,800 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo anashuka zaidi kidogo ya theluthi ya kilo kwa wiki, na kwa muhula wa wiki 15 ni kilo 5 hivi. Msichana asishuke chini ya 1,200 wala mvulana chini ya 1,500 bila daktari kujua.

Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi anakuuzia maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja hushika kama gramu tatu za maji. Ukiacha ugali ghafla, akiba hiyo inatumika, maji yanatoka, mizani inashuka kilo mbili ndani ya wiki, na grupu zima linakupongeza. Siku ukirudi kwenye wali, kilo zinarudi nazo.

Kwa mama ntilie

Lawama zote huwa anatupiwa ugali. Kwenye sahani ya chuo, mafuta ndiyo yanayostahili kuangaliwa zaidi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula ni kalori 120, karibu sawa na gramu 100 za wali mweupe, na kijiko hicho hukioni wala hakikushibishi. Chapati ya kusukuma ina unga wa ngano kama gramu 65, ikapakwa mafuta ndani kabla ya kuzungushwa, ikapakwa tena kwenye chuma. Moja inafika 300 kirahisi. Mbili ni 600, na kwa kuwa protini yake ni ndogo, saa 5 tumbo linalia tena ukiwa katikati ya kipindi. Mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu na chai ya kijiko kimoja cha sukari ni kama 300, na vinakufikisha saa 7.

Mchana agiza hivi: "Mama, wali nusu, maharage kamili, mboga za majani nyingi, mchuzi usiweke." Wali nusu ni kama kikombe kimoja na nusu ukishindilia kidogo. Maharage ya kuchemsha yana karibu gramu 9 za protini katika kila gramu 100, pamoja na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo ukiyaongeza na kupunguza wali unatoka umeshiba kwa kalori chache. Mwombe achote kutoka chini ya sufuria, maana mafuta yote yanaelea juu. Mchicha nao usiuamini kwa rangi yake. Inamisha sahani kidogo: kama kuna kidimbwi cha njano, ukamulie mchicha ukingoni kwa kijiko kisha ule. Sahani hiyo inatoka kwenye 650 hadi 700. Jioni ugali wa ukubwa wa ngumi moja na nusu, dagaa na majani ya maboga ni kama 550. Ongeza chungwa au ndizi mbivu moja na siku imefungwa kwenye 1,600.

Dona au sembe? Kalori zinakaribiana sana. Dona ina nyuzinyuzi zaidi na inashibisha mapema, lakini asikudanganye mtu kwamba ukihamia dona unaweza kula mlima. Na ile ya kwamba wanga ukiliwa usiku unageuka kitambi, achana nayo. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku.

Zege, yaani chipsi mayai, ni habari nyingine. Chipsi za bandani hukaangwa mara mbili: asubuhi viazi vinaivishwa nusu na kuwekwa kwenye kabati la kioo, ukifika vinarudi kwenye mafuta yanayochemka. Halafu kikaango kinamiminiwa mafuta mengine, chipsi zinaingia, mayai mawili yanamwagwa juu. Kwa gramu 250 za chipsi jumla inakimbilia 900 hadi 1,000, zaidi ya nusu ya siku nzima ya yule dada. Kuipiga marufuku kabisa hakufanyi kazi, maana inarudi kwa kisasi siku ya bumu. Kula mara moja kwa wiki, gawaneni wawili, jaza kachumbari, soda iache. Siku nyingine banda hilohilo lina mishkaki na ndizi ya kuchoma.

Unayekaa gheto na kupika mwenyewe una faida kubwa kuliko wote, ila acha kumimina mafuta kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko. Lita moja ina vijiko vikubwa kama 66. Mkiwa wawili, kila mmoja akitumia viwili kwa siku, lita hiyo ikae siku 16. Ikiisha kwa wiki moja, mmeshajua vitambi vinatoka wapi. Dagaa wakavu, konzi moja ya gramu 30 ina zaidi ya gramu 15 za protini: toa vichwa, osha kwa maji ya moto, wakaushe kwenye sufuria bila mafuta hadi waanze kunukia, ndipo uweke kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya na ndimu. Wakikaangwa kwa mafuta ya kuogelea wanayanyonya vibaya mno.

Vya kunywa, na pasi ndefu

Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko tisa vya chai, kalori karibu 150. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mtu wa 1,600 hiyo ni gramu 40, kwa hiyo soda moja imeshamaliza karibu nafasi yote. Kwenye chupa za plastiki soma kwa makini: namba kubwa mara nyingi ni ya mililita 100, wewe unakunywa 500, zidisha kwa tano. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya wakati wa mitihani vingi vina sukari kiwango hichohicho, na kafeini juu yake inakunyima usingizi. Juisi ya miwa ni sukari ya muwa, hata kama imekamuliwa mbele yako. Kama lazima ukate kitu kimoja tu muhula huu, kata vya chupa.

Pasi ndefu, ile ya kuunganisha asubuhi hadi jioni bila kula, inaonekana kama njia ya mkato ya kupunguza matumizi na uzito kwa pamoja. Kwa wengi inaishia saa 2 usiku bandani, mtu ana njaa ya kumeza meza, anaagiza zege na soda na kuvuka kiwango chake kwa mlo mmoja. Kama pesa inatosha milo miwili, ule wa saa 4 asubuhi na wa saa 11 jioni. (Vidonda vya tumbo mara nyingi husababishwa na bakteria au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Njaa inayachochea maumivu tu. Ukiwa na maumivu ya mara kwa mara nenda ukapime, usijitibu kwa maziwa.)

Karanga ni nzuri, lakini konzi ya gramu 30 ni 170. Ukifungua pakiti kubwa wakati unadesa, itaisha kabla ya ukurasa wa tatu.

Mazoezi

Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa anachoma kama 130, chini ya soda moja. Kwa hiyo mazoezi peke yake hayaondoi chakula kibaya. Kazi yake ni kulinda misuli wakati unapungua, kushusha presha na kukupa usingizi. Kiwango cha chini ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokupandisha pumzi, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Kushuka daladala kituo kimoja kabla na kupanda ngazi kunamaliza sehemu kubwa ya hizo dakika.

Za misuli hazihitaji jimu. Siku tatu kwa wiki, raundi tatu: kuchuchumaa na kusimama mara 15, pushapu 8 hadi 12 (ukishindwa weka mikono kwenye kimbweta badala ya chini), kupanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja mara 10 kila upande, planki sekunde 30. Pumzika dakika moja kati ya raundi. Kosa la kawaida ni kuanza na kukimbia kilomita tano kila alfajiri kwa raba zilizokwisha soli. Wiki ya pili mifupa ya mbele ya miguu inauma na mtu anaacha kabisa. Tembea wiki tatu, kisha changanya dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea.

Usingizi chini ya saa 6 unapandisha homoni ya njaa na kushusha ya shibe, na kesho yake mwili unataka andazi, si mchicha. Lenga saa 7 hadi 9.

Kupima

Mizani ileile, siku ileile ya wiki, asubuhi baada ya choo. Mizani za kupimia mtaani zinapishana kilo mbili tatu, kwa hiyo chagua moja ushikamane nayo. Wasichana walinganishe na siku kama hiyo ya mzunguko uliopita, kwa sababu karibu na hedhi maji huongeza kilo moja au mbili. Utepe wa fundi cherehani ni bora zaidi: zungusha kiunoni usawa wa kitovu, pumua nje, soma. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingi zimejengwa kwa sanamaki. Ni dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na potasiamu, mafuta yanabaki palepale, na ukizoea utumbo unakuwa mvivu. Ukiona nywele zinakatika, hedhi imekata miezi mitatu, au unajitapisha baada ya kula, simamisha kila kitu uende zahanati ya chuo. Mwenye kisukari, selimundu au ujauzito asianze bila kuongea na daktari.

Wiki za mitihani usipunguze. Rudi kwenye 2,000 yako: ongeza zile 400, ambazo ni kikombe kimoja cha wali, ndizi mbivu na glasi ndogo ya maziwa ya mgando, na ulale. Karatasi ya mwisho ikishakusanywa, kesho yake rudi kwenye wali nusu.