Ini la mafuta, halafu moyo

Nafanya kazi ya ultrasaundi Tanga, na siku hizi karibu kila zamu nakutana na ini linalong'aa kwenye skrini, jeupe kuliko figo iliyo jirani yake. Hayo ni mafuta. Mgonjwa huuliza kama ini litamuua. Mimi humuuliza presha alipima lini, kwa sababu wenye ini la mafuta hufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko ya ini lenyewe.

Ini hilo humwaga kwenye damu sukari na mafuta ya ziada, pamoja na protini kama CRP, ile inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, na kuta za mishipa hubaki na uvimbe wa chinichini usiouma. Mara nyingi mtu huyohuyo ana mafuta mengi yaliyouzunguka moyo. Hayo ndiyo yanayonitia hofu: hakuna utando unaoyatenga na msuli wa moyo, na mishipa inayolisha moyo hupita humohumo ndani yake.

Juzi mama mmoja alishangaa: "Mwanangu, pombe sijawahi hata kuionja!" Pombe si lazima, mama. Chai ya sukari nyingi, maandazi, soda, na kukaa kutwa dukani vinatosha. Nikamwambia akirudi kwa daktari aulizie vipimo vya sukari na lehemu (kolesteroli), na kwamba akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, ini huanza kupona.