"Chanzo: Google"

Duka langu la fotokopi liko uchochoroni, si mbali na Mkunguni hapa Lamu. Shule zikikaribia kufunguliwa naletewa flashi zenye kazi za likizo, na chini ya kila picha maneno ni yaleyale: "Chanzo: Google". Nawauliza, "Google ndiye aliyepiga?" Ukiulizwa samaki huyu kavuliwa na nani, hujibu "sokoni". Fungua ukurasa picha ilikotoka, umtafute mwenyewe.

Watoto huelewa upesi. Kazi iko kwa watu wazima. Juzi kaja bwana mmoja anayetembeza wageni kwa mashua, ataka kalenda ya kugawia wateja. Picha ya jahazi kaitoa intaneti. "Jina lake nimeliandika pale chini, dada. Kuna neno tena?"

Liko. Kumtaja mtu ni jambo moja, kumwomba ruhusa ni jingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mpiga picha ana haki yake tangu anapoipiga, asajili asisajili. Sheria inaruhusu utumie kazi ya mtu bila kumwomba kwa utafiti, matumizi yako binafsi, uhakiki au kuripoti habari, tena kwa kumtaja. Kalenda ya kutangaza biashara haimo. Wapo wanaonitolea hoja za Marekani, ambako mahakama hupima kusudi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na hasara kwa soko la mwenyewe. Haya, pima: picha nzima, kwa biashara. Hata huko sioni kama atapona.

Lakini kuna na kinyume chake, na hiki ndicho kinachoniudhi zaidi. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa 1858. Hakimiliki hapa Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo nikitaka kuupiga chapa kesho niuuze, hakuna wa kunishtaki. Basi watu hukata beti mbili tatu za kadi ya harusi wakaandika juu yake "Wahenga walisema". Wahenga gani? Bibi huyu alimtungia bintiye, na katika beti za mwisho akatia jina lake, akasema kazaliwa Pate, akaweka na mwaka wa Hijra, 1275. Mtu kajitaja mwenyewe namna hiyo, wewe wamfuta kwa sababu kadi ni ndogo! Kadi hizo sizipigi mpaka jina lirudi. (Tafsiri ya juzijuzi au maelezo ya mhariri ni habari nyingine, hayo yana mwenyewe.)

Na wanaoleta kitabu kizima cha shule nikitoe nakala, jibu langu wanalijua. Kurasa chache za kujisomea, karibu. Kitabu kizima, duka la vitabu lipo.

Yule bwana wa kalenda alimwandikia mpiga picha, hajajibiwa. Akamtuma mpwawe ufukoni na simu. Jahazi limetoka zuri, ila pembeni yumo punda mmoja anamwaga haja. Nimeshauri tumkate punda. Mpwa amekataa, asema picha ni yake.