Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa askari wasiolala, Temeke

Watu wakisikia nauguza askari wenye shida ya akili, hudhani kutwa nashindana na wanaopiga kelele na kuvunja vioo. Wengi wanaokuja kwangu wamepiga pasi, viatu vinang'aa, na wamefika dakika kumi kabla ya miadi. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka mpaka siku ya msiba. Nimeandika Jumatatu moja ya kazi ili anayeishi na askari, au anayemwongoza, ajue kinachofanyika nyuma ya ule mlango. Habari za wateja nimezichanganya na kuzibadilisha makusudi, kwa hiyo usimtafute mtu humu.

Saa 1:15 asubuhi. Nimeshuka kwenye daladala la Mbagala, nimefungua chumba, nimepanga viti upya. Kiti cha mteja kinautazama mlango na nyuma yake kuna ukuta. Aliyewahi kushambuliwa hawezi kusimulia huku mlango uko mgongoni mwake. Nusu ya akili yake itabaki kusikiliza nyayo za watu nje. Kwenye fremu ya mlango nimebandika kitambaa kinene ili upepo usiubamize. Mlango ukibamizwa mara moja tu, kipindi kizima kimeharibika.

Saa 2. Kupima. Tunatumia madodoso mawili. La sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu ni 0 hadi 3, jumla ya juu 27, na kuanzia 10 tunaanza kulichukulia kwa uzito. La kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, PCL-5, lina maswali ishirini kuhusu mwezi uliopita, jumla ya juu 80, na ikifika 31 hadi 33 tunakaa kwa mazungumzo marefu. Kosa linalofanyika sana ni kumpa askari karatasi na kalamu na kumwacha ajaze. Atajaza sifuri mstari mzima, kwa sababu maisha yake yote amefundishwa kuripoti kwamba hali ni shwari. Mimi nasoma kwa sauti, swali moja moja, nikimtazama. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, silipiti haraka hata foleni ikiwa imefika getini.

Saa 3. Mzee mmoja, mpiganaji wa vita vya Kagera, dhidi ya Idi Amin wa Uganda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, sista. Leo ni mgongo tu."

Kwa rika lake, maongezi huanzia mgongoni, kwenye presha au kwenye usingizi. Neno sonona halitamki. Vita vilianza Oktoba 1978, Kampala ikatekwa 11 Aprili 1979, na jina la kitabibu la hali aliyorudi nayo, PTSD, liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Alirudi shujaa, akiwa na ugonjwa ambao haukuwa na jina. Miaka mingi kazi ilimshika: mchakamchaka, wenzake, king'ora cha asubuhi. Kisha mabomu ya ghala la Mbagala yakalipuka 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto 16 Februari 2011, na vilivyokuwa vimelala vikaamka. Kustaafu huondoa kazi, wenzake na nyumba ya kambi kwa mpigo mmoja. Kiinua mgongo hakijazi nafasi hizo.

Leo amekuja na mkewe, na nusu ya kipindi nimempa mama. Majinamizi yakimpata mzee usiku, mama asimshike bega wala kumwinamia. Asimame upande wa miguuni, awashe taa, amwite kwa jina lake na kumwambia alipo: "Uko nyumbani, uko Mbagala, ni mimi." Mama amekuwa akitandika mkeka chini miaka kadhaa akidhani mumewe anamchukia.

Saa 4. Kamba. Kwa kiwewe chenye matukio mengi tunatumia njia ya kusimulia maisha. Nina kamba ya katani ya mita tatu. Ncha moja ni kuzaliwa, ncha nyingine naiacha imeviringwa, kwa kuwa maisha hayajaisha. Mteja anaweka ua kwa kila jema na jiwe kwa kila baya, kwa mpangilio wa miaka. Vipindi vinavyofuata, kila kimoja dakika 90 hivi, tunalishika jiwe moja na kulisimulia polepole: kabla, wakati wenyewe, baada. Aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini, aliwaza nini. Naandika, na kipindi kijacho namsomea. Kinachoharibu ni haraka. Ukimkatiza kwenye kilele cha hofu kwa sababu muda umeisha, umemrudisha nyumbani na hofu ikiwa wazi. Njia hii imejaribiwa kwa wakimbizi kambini Nakivale, Uganda, ikiendeshwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani bila profesa.

Mawe mengine yana tarehe ambazo nchi nzima inazijua: Darfur kule Sudan, 13 Julai 2013, walinda amani Watanzania 7 waliuawa, Kibiti, 13 Aprili 2017, polisi 8, Semuliki kule Kongo, 7 Desemba mwaka huohuo, walinda amani wetu wasiopungua 14. Lakini jiwe zito kuliko yote huenda halikuandikwa na gazeti lolote. Kuna trafiki ambaye jiwe lake ni kiatu cha mtoto alichokiokota barabarani.

Saa 5:20. Hapa ndipo siku ilipobadilika.

Koplo wa polisi, hana miadi. Anaomba ED, ruhusa ya kitabibu ya kutokwenda kazini, ya siku mbili, kichwa kinamuuma. Nimemsomea dodoso la sonona. Jumla 19. Swali la tisa, 2, maana yake wazo hilo lilimjia zaidi ya nusu ya siku za wiki mbili hizo. Na saa 12 jioni anaingia lindo la silaha, peke yake, mpaka asubuhi.

Kabla ya yote nilimwambia kwamba atakayoyasema yatabaki hapa, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Kisha swali lenyewe, bila kulizungusha: "Afande, umewahi kuwaza kujiua?" Kuna wanaouliza, "Huwazi mabaya, sivyo?" Swali la namna hiyo linamwomba mtu akane. Wala kuuliza wazi hakumpandii mtu wazo. Utafiti umelichunguza hilo mara nyingi, na wengi huonekana kama wametuliwa mzigo. Akanyamaza kama dakika mbili. Ukimya huo usiujaze.

"Nikiwa lindoni, sista. Alfajiri."

Basi yanafuata mengine: mara ngapi, ameshapanga, leo yukoje, nini kimemzuia mpaka sasa. Alichojibu kwenye hili la mwisho ndicho tunachokijengea. Yeye alisema binti yake.

ED ya siku mbili ingeonekana msaada, na ingekuwa hatari. Ingemweka peke yake kota siku mbili, kisha Jumatano ingemrudisha kwenye bunduki ileile. Alichohitaji ni barua isemayo: apangiwe kazi zisizo za silaha wala za usiku kwa siku 14, kisha apimwe upya. Isitaje ugonjwa. Barua hupita kwa karani, masjala na kaunta. Ukiandika "sonona", kabla ya magharibi kota nzima inajua. Na siku zitajwe, kwa sababu barua isiyo na mwisho inasomeka kama kufukuzwa.

Akakataa. "Nikinyang'anywa bunduki nimekwisha. Kozi sipati, cheo sipati." Hofu hiyo si ya kipuuzi, na sikuidharau. Nilimweleza jambo la Israel: mwaka 2006 jeshi lao liliwataka askari waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwishoni mwa wiki, na vifo vya kujiua vikapungua kwa takriban asilimia 40. Agizo liliwahusu hata wazima. Saa ya hatari kubwa mara nyingi ni fupi, na silaha haimpi mtu nafasi ya kubadili nia. Walionusurika jaribio la kujiua, takriban tisa kati ya kumi hawafi baadaye kwa kujiua. Kazi ni kumvusha mtu usiku. Alikubali nimpigie simu mkuu wake, sharti awe anasikia nitakachosema.

Saa 6:10, mkuu yuko kikaoni. Saa 6:45, simu imezimwa. Msaidizi wake anataka barua kwanza ndipo tuzungumze. Barua inataka saini ya daktari, na daktari yuko wodini. Muhuri umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo ameenda kula. Nilisimama mbele ya kabati lile nikiitazama saa ya ukutani, na hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Masaa matano kabla ya lindo, tumezuiwa na ufunguo.

Katikati ya hayo simu yangu ikaita, kituo kingine. Wiki iliyopita vijana wao walitoa miili kwenye ajali. Wanaomba nije niwakusanye wote, kila mmoja aeleze alichokiona, saa moja, yaishe. Nimekataa, kama ninavyokataa kila mara. Kikao kimoja cha kuwalazimisha wote wasimulie hakizuii kiwewe, na wengine kinawazidishia. Nilichowaambia: wapeni mapumziko ya kweli, wasilale peke yao siku za mwanzo, pombe isiwe ndiyo tiba, na baada ya wiki nne nitakuja kuwapima mmoja mmoja. Wasiolala mpaka hapo ndio wangu. Sauti ya upande wa pili haikufurahi.

Muda wote huo koplo hakuachwa peke yake hata kwenda msalani. Muuguzi mwanafunzi alikaa naye. Tukampa chai na chapati, kwa kuwa hakuwa amekula tangu jana. Kisha tukaandika mpango wa usalama, kwa mkono wake na maneno yake, kwenye karatasi inayokunjika ikaingia mfuko wa shati. Nakala iko kwenye faili. Kwanza, dalili zinazotangulia: anaanza kuzima simu, anaacha kuoga. Pili, anachoweza kufanya mwenyewe: kutembea, kuswali, kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita. Tatu, watu na mahali pa kumtoa mawazoni: kijiwe cha bao, si baa. Nne, wa kumwambia ukweli: shemeji yake. Tano, simu ya kliniki na hospitali ya kukimbilia usiku. Sita, kuyaweka mbali yanayoweza kumuua. Kule Marekani waliochunguza wastaafu wa jeshi waliopita vyumba vya dharura, utafiti wa 2018, waliona kwamba waliopewa mpango wa aina hii na kupigiwa simu baadaye walikuwa na matukio ya mwenendo wa kujiua pungufu kwa asilimia 45 hivi ndani ya miezi sita. Karatasi moja na simu. Wakubwa wakiniambia hakuna bajeti, huwa nawatajia hilo.

Ilikuwa anaandika hatua ya tano alipouliza kuhusu sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na polisi anakijua kuliko raia. Anajua pia kwamba akifika hospitali na jeraha la kutiliwa shaka ataulizwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na atakayeijaza ni mwenzake wa kaunta. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Chetu nacho kiondoke. Kinawafanya watu wafiche jambo ambalo tungeweza kulishughulikia mapema.

Daktari alikuja, akamwanzishia dawa ya sonona, sertraline, miligramu 50, vidonge saba tu, na vitunzwe na mkewe. Dawa huchukua wiki mbili hadi nne kufanya kazi, pengine sita, na siku za mwanzo inaweza kuleta kiherehere cha moyo. Asiyeambiwa hilo huiacha siku ya tatu. Aliomba diazepam alale. Kwa kiwewe haisaidii, mwili unaizoea, na ikikutana na pombe inazorotesha pumzi.

Sijui saa ngapi nilikula. Wali maharage wa mama ntilie ulikuwa umeganda. Barua ilipata muhuri, ikaondoka na mhudumu wa ofisi kwenye bahasha iliyofungwa. Wateja wawili wa miadi niliwaahirisha, na mmoja wao aliondoka bila kuaga. Hilo linaniuma mpaka sasa. Kesho nitampigia wa kwanza.

Saa 10:35 mkuu akapiga mwenyewe. Nilijiandaa kubishana. Akasikiliza, akanyamaza, akasema, "Nitamweka kaunta, mchana. Lindo la leo nimeshalibadili." Kisha, kwa sauti ya chini, "Sista, kuna mwingine wangu huko?" Sikumjibu, hairuhusiwi. Tukapanga nije kuongea na wakuu wa zamu namna ya kuuliza.

Shemeji alimfuata koplo kwa bodaboda jua likizama. Nikaandika mafaili, nikafunga, nikasimama kwenye daladala mpaka Mbagala huku miguu inawaka.

Saa 3:05 usiku nimempigia. Amepokea kwa mlio wa pili. Nyuma yake kuna sauti ya mtoto anayegombea rimoti.

"Nimekula, sista. Shemeji yuko hapa, analala sebuleni."

"Na karatasi?"

"Mfukoni."

Nimeandika kwenye daftari: amepokea, hayuko peke yake, simu kesho saa 1 asubuhi kabla hajaingia kaunta, kliniki Alhamisi saa 2:30, aje na mke.